Mtoto anasusa, mzazi amechoka: sufuria moja inatosha

Kibondo jua huzama karibu saa moja jioni. Kwa mzazi anayelea peke yake na anayeshinda kazini, iwe sokoni, shuleni, shambani kwa mtu au kwenye zahanati, hiyo ndiyo saa ambayo kila kitu kinamsubiri yeye: moto haujawashwa, maji hayajatekwa, na mtoto wa miaka mitatu ana njaa, ana usingizi na anadeka kwa pamoja. Ugali ukiiva saa mbili na nusu, mtoto anautazama, anageuza uso na kusema hataki.

Hapo ndipo mambo mawili hutokea katika nyumba nyingi. Mzazi humlazimisha mtoto ale, wakamaliza kwa kilio. Au huchoka, akampa chai ya rangi na andazi ili alale. Kesho yake hali ni ileile, na mtoto amejifunza kwamba akikataa ugali, andazi linakuja.

Makala ya wiki hii inamhusu mzazi huyo, ambaye mitaani wengi humwita ‘singo maza’, ingawa wapo pia akina baba na mabibi wanaobeba mzigo huohuo. Inamhusu aliye Kibondo mjini, aliye Kasulu, na pia aliye kambini au aliyepitia kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena Oktoba 2015 kupokea wakimbizi kutoka Burundi. Mazingira yao hayalingani, lakini jioni zao zinafanana: hakuna friji, kuni au mkaa ni wa kuhesabu, na mpishi ni mmoja.

Jambo kuu ni hili: usipike chakula cha pili kwa ajili ya mtoto anayesusa, na usipigane naye. Pika sufuria moja ya chakula kinachoiva haraka, hakikisha ndani yake kuna kitu kimoja ambacho tayari anakipenda, kisha mwachie aamue atakula kiasi gani. Tutaeleza kwa nini njia hii inafanya kazi, na lini kususa chakula si kudeka bali ni ugonjwa.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Tumepiga hatua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Na zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo wana upungufu wa damu.

Wengi wa watoto hao hawalali na njaa. Wanashiba, lakini wanashiba kitu kimoja. Katika nyanda za juu za Kigoma, ugali wa muhogo ndio mara nyingi unaojaza sahani. Ugali huo unatia nguvu, lakini protini yake ni ndogo mno. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini isiyozidi gramu 2 hivi. Unga wa mahindi wa kiasi hichohicho una gramu 8 hivi, maharage makavu yana gramu 20 na zaidi, na dagaa wakavu wanazidi gramu 50. Kwa hiyo mtoto anayekula ugali na kuacha mboga anajaza tumbo bila kujenga mwili.

Habari njema ni kwamba vitu vinavyokosekana kwenye sahani hiyo havitoki mbali. Dagaa wanavuliwa Ziwa Tanganyika. Mawese yanakamuliwa katika mkoa huuhuu. Maharage yanalimwa Kasulu na Kibondo. Lengalenga huota hata pembeni ya jiko. Kinachopungua zaidi ni muda, na muda tunaweza kuupanga.

KUSUSA KUNA UMRI WAKE

Mtoto mchanga hukua kwa kasi ya ajabu. Akifikisha mwaka mmoja, uzito wake huwa umefikia kama mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili hadi tatu tu. Mwili ukipunguza kasi, hamu ya kula nayo hupungua, na mama anayekumbuka jinsi mwanawe alivyokuwa akimaliza bakuli la uji huingiwa na hofu.

Juu ya hapo, kati ya miaka miwili na sita watoto wengi hupita kipindi cha kuogopa chakula wasichokizoea. Wanaona kitu cha kijani kwenye sahani wanadhani ni majani. Wanaona macho ya dagaa wanakataa. Hii ni hatua ya ukuaji, si adabu mbaya, wala si dalili kwamba mzazi ameshindwa kulea.

Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Leann Birch, alichunguza namna watoto wadogo wanavyojifunza kupenda chakula. Matokeo ya utafiti huo, na mwingine uliofuata, ni kwamba mtoto huhitaji kukutana na chakula kigeni mara nyingi, pengine 8 hadi 15, kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne, wakasema “huyu hapendi mchicha”. Kumbe bado hawajafika hata nusu ya njia.

Birch na wenzake waligundua jambo jingine linalostahili kukumbukwa jikoni: mtoto akiahidiwa zawadi ili ale au anywe kitu fulani, mwishowe hukipenda kitu hicho kidogo zaidi kuliko mwanzo. Unapomwambia “maliza mboga nikupe pipi”, unamfundisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ndiyo malipo.

KILA MTU NA KAZI YAKE

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliligawa jukumu la kula katika sehemu mbili, na mgawo wake unatumiwa na wataalamu wengi. Mzazi ndiye anayeamua chakula gani kitaliwa, saa ngapi na wapi. Mtoto ndiye anayeamua kama atakula na kwa kiasi gani.

Mgawo huu unampunguzia mzazi kazi. Huhitaji kubembeleza kwa saa nzima, wala kufukuzana na mtoto uani ukiwa na kijiko. Kazi yako imeisha ulipoweka chakula kizuri mbele yake kwa wakati. Hata hivyo, mgawo huu ni kwa mtoto mwenye afya. Mtoto mgonjwa, aliyekonda au aliye kwenye matibabu ya utapiamlo anahitaji kusaidiwa na kuhimizwa zaidi, kwa maelekezo ya kliniki.

BILA FRIJI, ANDAA VIKAVU

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu mapishi ya haraka unadhani kila nyumba ina friji: pika Jumapili, gandisha, pasha Jumatano. Kwa wengi wetu hilo haliwezekani, na chakula kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya saa mbili vimelea huanza kuongezeka. Kwa mtoto mdogo, kiporo kilichochacha kinaweza kuwa kuhara kwa siku tatu.

Kanuni kwa nyumba isiyo na friji ni hii: siku ya mapumziko andaa vitu vikavu, vitu vyenye maji vipike siku vinapoliwa.

Siku hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, chambua dagaa, waoshe, waanike wakauke kabisa, wakaange bila mafuta, kisha watwange na kuchekecha upate unga laini. Uweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Pili, kaanga karanga, pepeta maganda na uzitwange. Tupa kila karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, kwa kuwa ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Tatu, chambua maharage na choroko na uzigawe katika vifungu vya siku, ili asubuhi uwe na kazi ya kumwaga kwenye maji tu.

Nusu siku hiyo itakuokolea karibu nusu saa kila jioni.

VYAKULA VITANO VYA JIONI

Muda uliotajwa hapa unahesabiwa kuanzia moto uliokwisha kuwaka.

Dagaa wa nyanya (dakika 20). Osha dagaa kwa maji ya uvuguvugu. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, weka nyanya mbili zilizokatwakatwa, zikilainika weka dagaa na nusu kikombe cha maji. Funika dakika 10. Nyanya ina vitamini C, inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, hivyo humpa mtoto madini ya kalsiamu kwa ajili ya mifupa na meno. Mtoto akikataa kuwaona, mpe mchuzi uliochanganywa na kijiko kimoja cha unga wa dagaa.

Ndizi za karanga (dakika 30). Menya ndizi za kupika, kata vipande, chemsha. Zikikaribia kuiva, koroga vijiko vinne vya karanga zilizotwangwa katika maji kidogo umimine. Ongeza konzi ya lengalenga iliyokatwa na kijiko cha mawese katika dakika 5 za mwisho. Rangi nyekundu ya mawese ni chanzo cha vitamini A, muhimu kwa macho na kinga ya mwili. Usiyachome mpaka yawe meupe, maana ukifanya hivyo vitamini hiyo inapotea.

Mayai na lengalenga (dakika 15). Kaanga kitunguu, weka lengalenga iliyokatwa ndogo kabisa, geuza dakika 3, mimina mayai mawili yaliyopigwa. Kula na viazi vitamu vilivyochemshwa au ugali. Mtoto anayekataa mboga peke yake mara nyingi huikubali ikiwa imefichwa kwenye yai, lakini siku nyingine mwoneshe mboga yenyewe ili aizoee.

Choroko na viazi katika sufuria moja (dakika 35). Loweka choroko asubuhi kabla ya kutoka. Jioni mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya pamoja na vipande vya viazi, kitunguu na chumvi yenye madini joto. Zikiiva, ponda kidogo. Kambini, njegere zilizopasuliwa zinazotolewa kwenye mgao hufaa badala ya choroko. Weka mafuta ya mgao mwishoni, kwani nayo yameongezewa vitamini A.

Uji mzito wa usiku (dakika 15). Huu ni wa siku uliyorudi saa mbili na mvua imekunyeshea. Uji si aibu kuwa chakula cha usiku, ilimradi uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika haraka. Tumia unga wa mahindi, vijiko viwili vya karanga zilizotwangwa, na maziwa kama yapo. Kama hakuna maziwa, piga yai moja ulikoroge ndani uji ungali unachemka na uache uchemke dakika chache zaidi. Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo dogo kabla mtoto hajapata chochote.

Katika vyakula vyote vitano kuna kitu cha kutia nguvu, kitu cha kujenga mwili, na mara nyingi kitu cha kulinda mwili. Ukikamilisha hivyo, umeandaa mlo wenye lishe hata kama ni sufuria moja juu ya mafiga matatu.

Karanga nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwani zinaweza kumkaba. Kwake zitwangwe.

MAHALI PASIPORUHUSU HARAKA

Vipo vyakula ambavyo ukivikimbiza vinadhuru.

Maharage, hasa mekundu, yana kemikali inayosababisha kutapika na kuhara yakiliwa yakiwa hayajaiva. Yaloweke saa nane au zaidi, mwaga maji yake, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Ukitaka kuokoa kuni, tumia kikapu: yachemshe kwa nguvu dakika 20 kabla ya kulala, funika sufuria vizuri bila kuifungua tena, iweke kwenye kikapu kilichojazwa nguo nzito au majani makavu, funika kwa blanketi. Alfajiri yarudishe motoni yachemke tena dakika 10 na uhakikishe yamelainika. Maharage hayo yawe chakula cha asubuhi na cha mchana, kipashwe moto mpaka kichemke kabla ya kuliwa. Hakuna sheria inayosema maharage ni ya usiku. Kwa mzazi anayerudi jioni, asubuhi ndiyo saa yake nzuri.

Muhogo mchungu nao haukimbizwi. Bibi zetu, wa Kiha na wa Kirundi, waliuloweka siku kadhaa na kuuanika kabla ya kuusaga, na walikuwa na sababu. Muhogo huo una sumu ya sianidi. Palipo na njaa na haraka, watu wakala unga ambao haukuandaliwa ipasavyo na bila vyakula vya protini, hutokea ugonjwa uitwao konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usipone. Hapa Tanzania uliwahi kuwapata watu wa Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985. Kisamvu vilevile: kitwangwe vizuri na kichemshwe sawasawa bila kufunikwa mwanzoni. Kiache kwa siku ya mapumziko.

MTOTO ASIFIKE USIKU AKIWA AMECHOKA

Makosa mengi ya jioni huanza alasiri. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kungoja kutoka mchana hadi saa mbili na nusu usiku. Akiachwa hivyo, mwenye kumlea atampa biskuti, juisi ya pakiti au chai ili anyamaze, na chakula kikifika atakuwa ameshiba sukari au amepitiwa na usingizi. Kisha tunamwita mchaguzi.

Zungumza na anayebaki naye, awe jirani, dada au bibi. Saa kumi au kumi na moja jioni mtoto ale kitu cha maana: kiazi kitamu, ndizi mbivu, parachichi, au nusu kikombe cha uji mzito. Mwachie mlezi chakula hicho asubuhi pamoja na maelekezo. Kati ya hapo na chakula cha usiku apewe maji tu. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma, kwa hiyo mtoto mdogo hana sababu ya kuinywa.

Wazazi wanaoishi jirani wanaweza pia kupokezana. Aliye nyumbani Jumatano anapika maharage ya nyumba mbili kwa moto mmoja, na Jumamosi anapumzika kwa kuwa mwenzake anapika. Moto mmoja kwa nyumba mbili huokoa kuni. Na kwa wanaoishi kambini, ambako kutoka kutafuta kuni kuna vikwazo na hatari zake, hasa kwa wanawake na wasichana, kila kuni inayookolewa ina maana kubwa.

MEZANI AU MKEKANI

Kwanza, kaeni pamoja. Mtoto hujifunza kula kwa kutazama wanaokula. Mama anayepakua, kisha akala amesimama jikoni, anamnyima mtoto mwalimu wake.

Pili, mtoto awe na sahani yake. Kwenye sinia la pamoja, wakubwa hula upesi na hutajua mdogo amekula matonge mangapi.

Tatu, anza na kidogo: vijiko viwili vya chakula anachokijua na kijiko kimoja cha kile asichokizoea. Akitaka zaidi, aombe. Sahani iliyojaa humtisha mtoto.

Nne, usimlazimishe, usimtishe, usimlinganishe na wa jirani. Sema tu, “Leo tuna choroko,” ule na wewe. Akigusa, akinusa au akilamba, hiyo nayo ni hatua.

Tano, weka mwisho. Baada ya dakika 20 hadi 30 ondoa sahani bila ugomvi, na usilete andazi badala yake. Mtoto mwenye afya aliyekula kidogo usiku atafidia asubuhi. Tazama anachokula kwa wiki nzima, si kwa jioni moja.

Sita, mpe kazi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchambua lengalenga, kuosha nyanya au kumwaga choroko kwenye sufuria lisilo motoni. Mboga aliyoichambua mwenyewe huwa si ngeni tena.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, milo iwe mitatu hadi minne kwa siku, kila mlo robo tatu ya kikombe hadi kikombe kimoja cha mililita 250, pamoja na kitafunwa mara moja au mbili. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi.

LINI KUSUSA NI UGONJWA

Mchaguzi wa kweli hukataa baadhi ya vyakula lakini anacheza, anakua na ana vyakula anavyovipenda. Mtoto aliyekuwa akila vizuri kisha ghafla akakataa kila kitu si mchaguzi. Huyo anakwambia kitu.

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria huondoa hamu ya kula kabla mzazi hajafikiria homa. Mtoto akisusa huku ana joto, analegea au anatapika, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Mengine yanayoondoa hamu ya kula ni vidonda mdomoni, koo, sikio, minyoo, kukosa choo kwa siku kadhaa, na upungufu wa damu. Mtoto anayekula udongo au mkaa apimwe damu.

Peleka kadi ya kliniki kila mara. Mstari wa uzito ukilala au kushuka miezi miwili mfululizo, usingoje. Mhudumu akipima mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, na kilicho chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Miguu yote miwili ikivimba na kubonyea ukiibonyeza, huo nao ni utapiamlo mkali hata kama mtoto anaonekana mnene. Matibabu yapo.

Kama mtoto amepewa unga wa lishe au chakula dawa kliniki, hicho ni tiba yake. Kisigawanywe kwa ndugu zake, ingawa kwa mama mwenye watoto wanne na mgao mdogo tunajua ni uamuzi mgumu. Mweleze mhudumu hali ya nyumbani ilivyo, maana watoto wengine nao wanaweza kupimwa. Na usikose matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa kila Juni na Desemba: vitamini A kuanzia miezi 6, dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja.

KAMA MFUKO NI MTUPU

Tunafahamu kuwa kwa baadhi ya wasomaji orodha ya vyakula vitano ni ndefu kuliko kilichomo ndani. Mgao wa chakula kambini umepunguzwa mara kadhaa, na kibarua nje ya kambi nacho hakipatikani kila siku. Ukiwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu juu ya unga, chagua dagaa. Kiasi kidogo kilichosagwa huenda siku nyingi, hakihitaji friji wala kuni nyingi, na mtoto hakikatai kwa kuwa hakioni. Cha pili kiwe mboga ya kijani, ambayo inaweza kuota kwenye gunia la udongo mlangoni kwa maji yaliyooshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi.

Na mzazi, ule na wewe. Wengi wanaolea peke yao hupakulia watoto kwanza na kumalizia ukoko. Ukianguka wewe, hakuna wa kukuchukulia zamu. Sahani yako nayo ni sehemu ya lishe ya mtoto.

Anza na jambo moja wiki hii: saga dagaa siku ya mapumziko, au panga na jirani siku ya kupokezana maharage. Lingine lisubiri wiki ijayo.